Damu au Dirisha

Mshenga alifika saa kumi na moja jioni, akavua viatu mlangoni, akakataa juisi, akaomba kahawa. Kabla ya kugusa habari ya mahari, alisema, kuna swali dogo linamsumbua mama wa kijana. Babu yake binti alikufa kwa kifua kikuu. Baba mdogo wa binti aliugua akapona. Na mwaka jana kaka wa binti alimeza dawa miezi sita. Watu watatu, ukoo mmoja. "Wenzangu wanauliza," akasema huku akipuliza kikombe, "hiki kifua si kiko kwenye damu?"

Sebuleni pale Mbagala walikuwepo wawili wa kumjibu. Shangazi wa binti ni muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi kliniki ya kifua kikuu zaidi ya miaka 20. Wa pili ni kijana, mtoto wa baba mkubwa wake binti, naye anasomea vinasaba. Wote ni wa upande mmoja, kwa hiyo mshenga alitegemea jibu moja. Hakulipata. Mimi nilikuwa jirani tu, kazi yangu kumimina kahawa. Nayaandika jinsi nilivyoyasikia, ya mahari nimeyaacha.

SHANGAZI: Hakiko. Waambie hakiko, tuendelee. Kifua kikuu ni mdudu, mzee wangu. Robert Koch alisimama Berlin mwaka 1882, tarehe 24 Machi, akawaeleza wenzake kwamba amemwona kwa darubini. Ndiyo hiyo siku tunayovaa fulana na kuandamana kila mwaka. Kabla yake madaktari wengi wa Ulaya walidhani ni ugonjwa wa ukoo, kama wenzako wanavyodhani leo.

MSHENGA: Mimi sidhani kitu, mama. Mimi nimetumwa.

MTAFITI: Shikamoo, Shangazi. Hapo lakini umeruka hatua.

SHANGAZI: Marahaba. Nimeruka wapi?

MTAFITI: Mdudu lazima awepo, bila yeye hakuna ugonjwa. Ila peke yake hatoshi. Inakadiriwa karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa. Kati ya hao, wanaougua maishani mwao ni 5 hadi 10 katika kila 100. Waliobaki wanazeeka, wanafiwa, wanaoza watoto wao, na mdudu hawajamsikia hata kwa kikohozi cha siku moja. Swali la mzee siyo la kipuuzi. Ni kwa nini huyu na siyo yule?

MSHENGA: Eeh. Kumbe kiko kwenye damu.

SHANGAZI: Mwanangu, unataka kuvunja posa?

Kijana akacheka, lakini hakurudi nyuma. Na hapo ndipo Shangazi alipofanya kosa, kama ni kosa kusema ukweli wa nyumbani kwako.

SHANGAZI: Huyo babu anayetajwa ni baba yangu mzazi. Mimi ndiye niliyemwaga makohozi yake. Tulikuwa watoto watano, chumba kimoja, dirisha moja, na usiku tulilifunga kwa sababu ya mbu na wezi. Alikohoa miezi mingi kabla hajapelekwa hospitali. Mdogo wangu akaugua kwa sababu alilala mkekani karibu na kitanda cha baba. Damu inaingiaje hapo? Hiyo ni hewa. Na huyu kaka wa binti analala chumba kimoja na mafundi sita wa gereji. Mmoja wao alikuwa anakohoa tangu mwezi wa Ramadhani. Ukoo gani hapo? Mafundi sita, makabila matano!

MTAFITI: Watoto watano, Shangazi. Aliyeugua mmoja.

SHANGAZI: Ndiyo.

MTAFITI: Hewa ileile, ugali uleule, baba yuleyule. Wanne mmebaki wazima. Wewe ukaenda kukaa miaka 20 katikati ya wagonjwa, na mpaka leo hujaugua.

Kimya. Shangazi alitazama kikombe chake. Mimi nilidhani hoja imeisha, lakini muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu amezoea kubishana na watu wanaotaka kuacha dawa mwezi wa pili.

SHANGAZI: Mdogo wangu ndiye alikuwa mwembamba kuliko sote. Na baadaye akaanza gongo. Usiniletee vinasaba kabla hujaniondolea gongo.

MTAFITI: Sawa. Basi tutafute mahali ambapo gongo haipo. Tuchukue watoto wachanga. Mwaka 1929 na 1930, mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto zaidi ya 250 walipewa chanjo ya BCG kwa mdomo katika siku zao 10 za kwanza. Maabara ilikosea. Ndani ya chanjo waliingia wadudu wenyewe wa kifua kikuu, wale wakali. Dawa ya kifua kikuu ilikuwa bado haijapatikana duniani. Watoto zaidi ya 70 walikufa.

MSHENGA: Inna lillahi.

MTAFITI: Na waliobaki, wengi wao waliugua kisha wakapona wenyewe. Wachache hawakuonyesha dalili yoyote. Hakuna aliyekunywa pombe, hakuna aliyevuta sigara, hakuna mwenye kisukari wala VVU. Wote ni wa umri mmoja, mji mmoja. Mmoja anakufa, mwenzake anakua anaoa.

SHANGAZI: Walipewa kiasi kimoja?

MTAFITI: Cha chanjo, ndiyo.

SHANGAZI: Sijauliza chanjo, nimeuliza wadudu. Chupa zote zilichafuka sawasawa?

Lazima nikiri kijana alisita, na kusita kwake kulimpa heshima machoni pangu. Angeweza kudanganya, pale hakuna aliyekuwa na kitabu.

MTAFITI: Hapana. Wachunguzi waliorudia hesabu baadaye waliona kwamba chupa zilitofautiana. Waliopata wadudu wengi zaidi ndio waliokufa zaidi.

SHANGAZI: Ahaa!

MTAFITI: Lakini hata kwa waliopewa chupa za aina moja, Shangazi, hawakuishia sawa.

SHANGAZI: Nimekusikia. Na mimi nimepata changu. Mzee, sikiliza: kiasi. Mtu akikukoholea dakika tano kwenye daladala lenye madirisha wazi, hilo ni jambo moja. Mtu akikukoholea usiku kucha miezi sita, hilo ni jingine. Ukoo unaonekana kurithishana kwa sababu ukoo ndio unaolala pamoja.

Kwa Lübeck nampa Shangazi ushindi. Ila kijana alikuwa ameweka akiba, na akiba yake ilikuwa mapacha.

MTAFITI: Haya, mapacha. Kuna wanaofanana kabisa, waliotoka yai moja, vinasaba vyao ni vilevile. Kuna wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Wote wanakulia nyumba moja. Kama ni hewa tu, pacha mmoja akiugua, mwenzake ana hatari ileile katika makundi yote mawili. Mwaka 1943 Kallmann na Reisner walichapisha hesabu zao za New York: kwa waliofanana, mwenza aliugua zaidi ya mara mbili kuliko kwa wasiofanana. Nakwambia na ubaya wake: huyo Kallmann, alipokuwa kwao Ujerumani, alitaka jamaa wa wagonjwa wa akili wafungwe kizazi. Kwa hiyo mtu akisema "damu", wewe shtuka kwanza, una haki.

SHANGAZI: Nimeshashtuka. Na mapacha wanaofanana hulala kitanda kimoja, huvaa sare, huenda kila mahali pamoja kama viatu.

MTAFITI: Ndivyo alivyouliza George Comstock. Mwaka 1978 alizichukua takwimu za mapacha wa Uingereza akazipiga hesabu upya, akiingiza nani aliishi na nani, nani alikuwa karibu na mgonjwa, na mengine ya namna hiyo. Tofauti ilipungua nguvu lakini haikwisha. Waliofanana bado walizidi, kama mara mbili.

Shangazi hakujibu moja kwa moja. Aliinuka akachukua sahani ya kashata. Katika mabaraza yetu mtu akileta kashata katikati ya hoja, jua amepigwa.

MSHENGA: Basi nikawaambie nini? Kwamba kiko?

MTAFITI: Mzee, ngoja. Kiko, lakini siyo vile wanavyodhani. Wao wanadhani ni kitu kimoja, kinapita kutoka kwa babu kwenda kwa baba kwenda kwa binti kama pua. Hakuna kitu hicho. Kwa watu wengi tunazungumzia tofauti ndogondogo, nyingi, zimetawanyika. Kila moja inaongeza hatari kidogo au inaipunguza kidogo. Mwaka 1998 watafiti waliofanya kazi Gambia waliripoti tofauti kwenye jeni iitwayo NRAMP1, ambayo kwanza ilifuatiliwa kwa panya. Tangu hapo wamepima maelfu kwa maelfu ya watu, Ghana, Urusi, Iceland, China. Kila nchi inatoa jina lake, na mara nyingi jina la nchi moja halionekani nchi nyingine.

SHANGAZI: Kumbe hamjui.

MTAFITI: Tunajua zaidi pale ambapo tofauti ni kubwa na nadra. Seli kubwa ya kinga inammeza mdudu wa kifua kikuu. Akishamezwa hafi. Anakaa ndani kama mpangaji asiyelipa kodi. Ili seli ipate nguvu ya kumuua inabidi ipelekewe ujumbe, na mmoja wa wajumbe hao anaitwa interferoni gama. Seli ina mlango wa kumpokea. Mwaka 1996 timu mbili ziligundua watoto ambao mlango huo umeharibika tangu kuzaliwa, watoto wa Malta na mtoto wa Tunisia. Mjumbe anabisha hodi, hakuna anayefungua. Kwa watoto kama hao hata BCG, hii inayotuachia kovu begani, inageuka ugonjwa wa kuua.

MSHENGA: Lakini hao ni wachache.

MTAFITI: Wachache mno. Na sikiliza hili, mzee wangu, kwa sababu linaihusu kazi yako. Kwa kawaida mtoto anaugua ikiwa amepokea nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wa Tunisia, wazazi wake walikuwa ndugu wa damu. Nimesikia mama wa kijana alikuwa na binti mwingine akilini kabla ya dada yangu.

MSHENGA: (akikohoa kidogo, kwa aibu) Binti wa mjomba wake.

MTAFITI: Binamu yake. Kama ni damu wanayoiogopa, kwa hesabu zetu waanze kuuliza huko. Siyo kwamba kuoa binamu ni kosa, watu wengi wameoana hivyo na watoto wao wazima. Lakini nakala mbovu zilizofichika hukutana kwa urahisi zaidi mume na mke wanapokuwa na babu mmoja. Kwenda kuoa mbali ndiko kunakozitenganisha.

Hapa mshenga alicheka mpaka kofia ikamteleza. Nadhani ndipo ile posa ilipookoka, ingawa mazungumzo yaliendelea hadi Isha.

SHANGAZI: Na hiyo nyingine uliyonisimulia siku ile? Ya Wazungu.

MTAFITI: Tofauti moja kwenye jeni iitwayo TYK2. Iliripotiwa 2018. Hiyo siyo nadra sana: Ulaya karibu mtu 1 katika 600 ana nakala zake mbili, na anayezibeba ana hatari kubwa zaidi ya kuugua akikutana na mdudu. Wanakadiria inaeleza kama mgonjwa 1 katika kila 100 huko. Huku kwetu ni nadra zaidi. Wamepima mifupa ya kale ya Ulaya wakaona imepungua sana katika miaka 2,000 iliyopita. Kifua kikuu chenyewe kiliwachuja watu.

MSHENGA: Basi Wazungu waliiva, sisi bado. Hayo niliyasikia kwa marehemu baba. Alikwenda migodini Afrika Kusini, na madaktari wa kule walisema mtu mweusi hajazoea kifua kikuu, mwili wake mgeni.

Shangazi akaweka kashata chini. Sauti ilibadilika.

SHANGAZI: Baba yako alirudi vipi?

MSHENGA: Alirudi na kikohozi. Walimpa nauli.

SHANGAZI: Ndiyo hiyo. Mwanahistoria mmoja, Randall Packard, aliandika kitabu kizima juu ya hayo mwaka 1989. Watu walivuta vumbi la mawe mapafuni siku nzima, usiku wakalala wamebanana kwenye mabweni, wakaliwa na njaa. Walipougua wakarudishwa vijijini wakafie huko, na kikohozi kikaenda nao. Kisha wakubwa wakasema tatizo ni damu ya mtu mweusi. Nadharia ya bei nafuu! Damu haidai dirisha, haidai mshahara. Kanada ilikuwa hivyohivyo kwa wenyeji wa nyanda za magharibi. Walifungiwa kwenye maeneo yao, nyati wameisha, watoto wamejazwa kwenye shule za bweni. Daktari wa serikali yenyewe, Peter Bryce, aliandika ripoti mwaka 1907 kwamba hizo shule zinaua. Na bado wengine wakazifanya takwimu za vifo vyao kuwa ushahidi wa damu dhaifu.

MTAFITI: Hapo sina la kupinga. Na hata historia ya mdudu inawasuta. Koo zake za kale zaidi zinapatikana Afrika. Kama kuna waliozoeana naye muda mrefu, ni sisi.

SHANGAZI: Kumbe mdudu naye ana ukoo.

MTAFITI: Anao, na unasomeka vizuri kuliko wetu. Hapa Dar es Salaam walikusanya wadudu wa wagonjwa kwa miaka 6, wakasoma vinasaba vya sampuli 1,082. Wengi wa wadudu wanaotawala jiji hili wametokana na wageni walioingia nchini ndani ya miaka 300 iliyopita, kutoka pande mbalimbali za dunia. Wengine wametoka upande wa Bara Hindi. Walivuka maji kama nguo na tende.

MSHENGA: Kwa hiyo nao walikuja na majahazi.

Mazungumzo yalihama kidogo hapo, wakaenda kwenye habari za bandari na bei ya vitambaa. Nayaruka.

Aliyeturudisha ni Shangazi, na kwa upole ambao sikuutegemea.

SHANGAZI: Nitakupa kimoja, mwanangu. Ile dawa, aisonaiazidi. Nilikuwa na wagonjwa wawili wanaanza siku moja, uzito mmoja, vidonge vilevile. Mmoja hana shida. Mwenzake wiki ya nne macho ya manjano, ini limechoka. Nilikuwa nawauliza kama wanakunywa pombe kwa siri, na wengine waliapa kwa machozi. Niliwadhania waongo.

MTAFITI: Huenda hawakuwa waongo. Kuna jeni iitwayo NAT2. Wenye aina fulani mwili wao unaivunja dawa hiyo haraka, wengine polepole. Wa polepole inabaki mwilini muda mrefu, na ini lao ndilo linalopata shida zaidi. Tofauti hiyo imejulikana tangu miaka ya hamsini.

SHANGAZI: Na mimi nilianza kazi miaka ya themanini. Hakuna aliyeniambia.

Alisema hivyo bila hasira. Mimi ndiye niliyepata hasira kwa niaba yake, na kwa niaba ya wale waliofukuzwa dirishani pa dawa wakiitwa walevi. Kama kuna mahali ambapo elimu ya vinasaba inamfaa mgonjwa wa leo, ni pale mezani kwa muuguzi, na ndipo imechelewa kufika.

MTAFITI: Kingine ni hiki. Kampala, mtaa wa Kawempe, waliwafuatilia watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa. Karibu mtu 1 katika 10 alipimwa tena na tena kwa miaka 2, na kipimo cha ngozi kikaendelea kuonyesha hajaambukizwa. Na mwaka 2016 walichapisha utafiti wa watu wenye VVU wa Uganda na Tanzania, watu ambao kwa hesabu zote walipaswa kuugua, lakini wengine wao hawakuugua. Walikuta eneo moja la vinasaba linalohusiana na kinga yao, jirani na jeni inayotengeneza sehemu ya mjumbe mwingine wa kinga. Mimi sisomi vinasaba ili nijue nani asiolewe. Nataka kujua hao waliobaki wazima mwili wao ulifanya nini, ili chanjo ifundishwe kufanya hivyohivyo. BCG ilianza kutolewa Paris mwaka 1921. Miaka mia na zaidi, na kwa watu wazima bado haitoshi.

SHANGAZI: Chanjo njoo. Lakini India, jimbo la Jharkhand, hawakungoja. Nyumba zenye mgonjwa zilipewa chakula kila mwezi, mchele na dengu kwa kila mtu anayeishi na mgonjwa. Matokeo yalitoka 2023: wagonjwa wapya ndani ya nyumba hizo walipungua kwa asilimia 39. Mchele, mwanangu! Niambie jeni gani mnaweza kumgawia mtu ikapunguza asilimia 39.

MTAFITI: Hakuna.

SHANGAZI: Asante.

MTAFITI: Ila waliokula mchele wakaugua, hao ni wangu.

SHANGAZI: Chukua.

Adhana ya Isha ilikuwa inakaribia. Mshenga alivaa kofia vizuri, akaomba jibu fupi, kwa sababu anakoenda hawataki mhadhara. Wale wawili wakaangaliana. Kijana akamwachia mkubwa.

SHANGAZI: Waambie hivi. Binti amepimwa, hana kifua kikuu. Kaka yake amemaliza dozi, amepona, hamwambukizi mtu. Kila mtu duniani ana tofauti zake mwilini, hata huyo kijana wao, na hakuna anayejua zake zikoje. Halafu na sisi tuna maswali yetu, uyapeleke leo hii. Kwao kuna anayekohoa zaidi ya wiki mbili? Kuna mwenye sukari ambaye hajapima? Baba wa kijana bado anavuta sigara ndani?

MSHENGA: Anavuta.

SHANGAZI: Na kile chumba walichowaandalia maharusi. Kina madirisha mangapi?

Mshenga alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye kiatu. Akasimama hivyohivyo, anafikiri.

MSHENGA: Moja. Nalo jirani ameliziba kwa ukuta wake.

SHANGAZI: Basi ya mahari tutayazungumza dirisha likishafunguka.